Mtoto wa Dawati la Nyuma na Saa za Nje ya Darasa

Kujiamini kwa mtoto wa shule ya msingi huonekana katika mambo madogo. Anainua mkono bila kulazimishwa. Anamkatalia mwenzake bila kurusha ngumi. Anakwenda mwenyewe ofisini kumweleza mwalimu kwamba daftari lake limepotea, na siku ya wageni anasimama akataja jina lake kwa sauti inayofika nyuma ya umati. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotahiniwa mwishoni mwa elimu ya msingi, na kwa sehemu kubwa hayafundishiki kwa chaki na ubao. Hujengeka pale mtoto anapokuwa na wenzake, ana kazi aliyokabidhiwa na kuna mtu anayemwona akiifanya. Kwa wanafunzi wengi wa shule za umma nchini Tanzania, mahali hapo hapawezi kuwa darasani, kwa sababu darasa limejaa.

Hesabu yake ni nyepesi. Kipindi kimoja kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 90, jambo la kawaida katika shule nyingi za mijini na hata vijijini, kila mmoja angepata sekunde 27 za kuzungumza, tena kwa sharti kwamba mwalimu asifungue mdomo kabisa. Hata kwa uwiano unaoelekezwa na Serikali wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, fungu la mtoto halifiki dakika moja. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, na michango ilipoondolewa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulioanza kutekelezwa Januari 2016, mamia ya maelfu ya watoto waliokuwa wakibaki nyumbani waliingia shuleni. Huo ni ushindi usio na ubishi. Lakini nafasi ya kusikika darasani ikazidi kuwa finyu.

Mwalimu aliye mbele ya umati kama huo hukimbilia itikio la pamoja. Anauliza, "Tumeelewana?" na darasa zima linajibu, "Ndiyo mwalimu!" Itikio hilo linamsaidia kwenda na muda, ila linaficha mengi. Wanaojibu swali lenyewe ni watano au sita wa madawati ya mbele, walewale kila siku. Mtoto wa dawati la nyuma anaweza kuanza muhula na kuumaliza bila sauti yake kusikika peke yake hata mara moja, na katika kumbukumbu za shule asionekane ana tatizo lolote: mahudhurio yake ni mazuri, hana utundu, anaandika. Anachokosa hakina safu katika rejista.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alichapisha mwaka 1977 nadharia kuhusu namna mtu anavyojenga imani kwamba analiweza jambo. Alitaja vyanzo vinne. Cha kwanza, ambacho ndicho chenye nguvu kuliko vyote, ni kulifanya jambo lenyewe na kufanikiwa. Cha pili ni kumwona mtu anayefanana naye akilifanya. Cha tatu ni maneno ya kutiwa moyo, na cha nne ni namna mtu anavyoitafsiri hali ya mwili wake, kama vile moyo kwenda mbio na viganja kulowa jasho. Mpangilio huo una maana kubwa kwa shule. Hotuba za mgeni rasmi kuhusu kujiamini, ambazo ni nyingi kwenye mahafali ya darasa la saba, zimo katika chanzo cha tatu. Mtoto aliyeambiwa mara mia kwamba anaweza, lakini hajapewa hata mara moja nafasi ya kujaribu, hajapata bado kile kinachojenga imani hiyo. Kadhalika, kumwona waziri au mwanamuziki maarufu hakumsaidii kama kumwona binti wa darasa la nne, wa mtaa uleule, akisoma taarifa ya habari mstarini bila kukwama.

Kabla ya klabu yoyote na kabla ya mwalimu wa michezo, watoto wana mpango wao wenyewe, nao ni michezo yao. Rede ndiyo mfano mzuri zaidi. Watoto wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira, mara nyingi wa soksi kuukuu au wa mifuko iliyofungwa kwa kamba, na walio katikati hukwepa usiwapige. Wakati huohuo mmoja wao huinama kujaza mchanga kwenye chupa, kiganja kwa kiganja, jicho moja likiwa kwenye mpira. Aliyepigwa hutoka. Chupa ikijaa kabla hawajaisha, upande wake umeshinda. Mchezo huu hauna refa. Mpira ukigusa gauni bila kugusa mwili, je, ametoka au hajatoka? Swali hilo huamuliwa na wachezaji wenyewe, kwa kelele nyingi, na uamuzi ukishapatikana mchezo unaendelea. Anayekataa kila uamuzi hugundua kesho yake kwamba hachaguliwi. Anayekubali ameshindwa, akakaa pembeni akisubiri awamu ijayo, amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi bado linawasumbua.

Kombolela ina somo jingine. Mmoja analinda kopo, wengine wamejificha, na waliokamatwa wanamtegemea yule aliyebaki aje alipige teke kopo ili wote wawe huru. Mtoto mdogo na mwembamba, ambaye katika soka huwekwa pembeni, hapa huwa shujaa kwa sababu anaenea nyuma ya pipa. Mdako hutaka mkono mwepesi, nage hutaka shabaha, kuruka kamba hutaka pumzi na kusikiliza mdundo. Wingi huo wa michezo ndio unaoleta haki: kila mtoto hupata mchezo anaoumudu. Na humo ndimo mtoto aliyekuja shuleni akizungumza Kisukuma au Kihehe nyumbani hupata Kiswahili chake cha kwanza chenye uhai, kwa kubishana na kutania, bila mtu wa kumsahihisha kila neno. Ni kinyume kabisa cha ile desturi ya baadhi ya shule ya kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha isiyotakiwa. Desturi hiyo humfundisha kunyamaza, na hilo halina utetezi wowote wa kitaaluma.

Michezo hiyo inahitaji vitu viwili tu, uwanja na muda, na vyote vinapungua. Viwanja vya shule za mijini vimemegwa kwa ajili ya madarasa mapya, ambayo yanahitajika kweli, na vingine vimevamiwa na makazi au biashara. Katika shule zinazosoma kwa zamu mbili, wa asubuhi hutakiwa kuondoka ili wa mchana waingie, na mapumziko hufupishwa. Mtoto anakwenda shule, anasoma, anarudi. Anawajua watu wawili anaokaa nao dawati moja.

Suala la kumjengea mwanafunzi ujasiri si geni katika sera za nchi. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na hali ya kujiamini kama mwanajamii aliye huru na sawa na wenzake. Shamba la shule lilikuwa chombo cha kufikia hapo. Kitu kinachosahaulika ni kwamba andiko hilo lilitaka wanafunzi washiriki kuamua: walime nini, wagawane kazi vipi, na mapato yatumikeje. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Maamuzi yalibaki ofisini, na kulima kukawa adhabu ya waliochelewa namba. Kwa mtazamo wa kujenga uwezo wa mtoto, hiyo ilikuwa hasara kubwa, kwa sababu bustani ya mchicha ambayo wanafunzi wenyewe wameipangia, wakaiwekea daftari la mauzo na kuamua wanunue mpira au kamba za kuruka, ina thamani kuliko ekari mbili za mahindi walizolima kwa amri.

Mchakamchaka ulifanikiwa zaidi. Mbio za alfajiri zilihitaji mwanzilishi wa nyimbo, na nafasi hiyo ilikwenda kwa mwenye sauti, ambaye mara nyingi hakuwa mwenye alama za juu. Mistari mizima ilimwitikia. Kwa upande mwingine, halaiki, yale maonyesho ya watoto wengi uwanjani katika sherehe za kitaifa, hujenga mshikamano na kumbukumbu isiyofutika, lakini humpa mtoto mmojammoja nafasi ndogo sana ya kuamua chochote, maana uzuri wake hutegemea kila mmoja kufanana na mwenzake. Tofauti hiyo ni vizuri ikabaki akilini: kuunganishwa na wengine na kujiamini havipatikani lazima katika shughuli moja.

Shughuli kubwa kuliko zote za nje ya darasa kwa shule za msingi Tanzania ni UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Mashindano huanzia shuleni, yakapanda hadi kata, halmashauri, mkoa, na hatimaye taifa, kwa kawaida katikati ya mwaka. Kuna soka, netiboli, riadha, mpira wa wavu, mpira wa mikono, pamoja na kwaya na ngoma. Kuna pia michezo ya wanafunzi wenye ulemavu, ukiwemo mpira wa goli kwa wasioona, ambao huchezwa kwa mpira wenye njuga ndani na watazamaji hulazimika kukaa kimya ili wachezaji wausikie. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kwa hoja kwamba yanaharibu masomo. Kurejeshwa kwake kulikuwa sahihi. Mtoto wa Rukwa aliyelala bweni moja na wa Tanga na wa Mara kwa wiki mbili, wakala pamoja na kubadilishana salamu za kwao, amejifunza nchi kwa namna ambayo ramani ya ukutani haiwezi kumfundisha.

Kasoro yake imo katika muundo. Kila hatua ya kupanda ni hatua ya kuchuja. Shule yenye wanafunzi 1,200 ikitoa timu ya soka, ya netiboli na wanariadha wachache, waliobaki zaidi ya 1,100 ni watazamaji kuanzia wiki ya pili. Ngazi ya shule, ambayo ndiyo ingegusa watoto wote, mara nyingi huendeshwa kwa siku mbili au tatu ili kupata majina ya kupeleka kata. Fedha na maofisa huonekana juu, ambako watoto ni wachache na tayari wanajiamini. Hili si kosa la mashindano yenyewe. Kila mchujo ndivyo ulivyo. Kosa ni kuyahesabu mashindano kama ndiyo mpango mzima wa shule wa michezo na vipaji. Ligi ya madarasa inayochezwa kila Ijumaa mwaka mzima, bila kombe wala mgeni rasmi, ingegusa watoto wengi kuliko safari yoyote ya taifa.

Klabu zina faida kwamba hazichuji. Skauti ndiyo ya zamani zaidi katika eneo hili: ilifika Kenya mwaka 1910, Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917, na mwanzilishi wake, Robert Baden-Powell, alizikwa Nyeri nchini Kenya mwaka 1941. Pamoja na gwaride na sare, siri yake ipo katika vikundi vidogo vya watoto wasiozidi wanane hivi, wenye kiongozi wao ambaye naye ni mtoto. Katika kundi la namna hiyo hakuna pa kujificha. Mtu akikosa, kazi yake inaonekana haijafanyika. Klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980 na kuwa na makao yake Arusha, zilitumia wanyamapori na mazingira kuwakusanya wanafunzi. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana na mtafiti wa sokwe Jane Goodall nyumbani kwake Dar es Salaam, na mazungumzo yao yakazaa Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani. Wanafunzi wale walikuwa wa sekondari, lakini kanuni iliyotoka hapo inafaa kwa umri wowote: watoto huchagua wenyewe tatizo la kulishughulikia, mtu mzima akabaki kuwa msaidizi. Mwaka huohuo ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao umesaidia shule kuwa na maktaba na vitabu vya hadithi vya Kiswahili. Kitabu cha hadithi ni kimbilio zuri la mtoto mwoga, maana kumsomea mwenzake mmoja chini ya mwembe ni rahisi kuliko kusimama mbele ya mia.

Mfano wa karibu zaidi na mada hii ni klabu za JUU, kifupi cha Jiamini, Uwasilishe, Ujifunze. Zilianzishwa katika shule za msingi chini ya mpango wa kuinua ubora wa elimu uliojulikana kama EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014 na kufikia mikoa tisa, ikiwemo Dodoma, Kigoma, Lindi, Shinyanga, Simiyu na Tabora. Sambamba nazo ulianzishwa Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWAWA, ambamo wazazi hushirikiana na walimu kufuatilia maendeleo ya madarasa. Mpangilio huo ulikuwa na busara: mtoto anayeanza kuzungumza shuleni anahitaji mzazi asiyemwona kuwa mkorofi atakapozungumza nyumbani.

Mkutano wa klabu ya namna hii unaweza kuendeshwa na shule yoyote, bila mradi. Watoto 30 hivi wa madarasa mchanganyiko hukaa duara, saa nane na nusu mchana, kwenye kivuli. Anayeongoza ni mwanafunzi, na uongozi hubadilika kila wiki kwa kufuata orodha ya majina, si kwa kupiga kura, maana kura humrudisha yuleyule. Huanza na mchezo mfupi wa majina ili mwili ulegee. Kisha hugawanyika wanne wanne, na kila kundi hupewa jambo la kuzungumza: kwa nini foleni ya bombani huwa na ugomvi, au hadithi aliyosimulia bibi, au fumbo la hesabu. Kila kundi huchagua msemaji ambaye hakusema wiki iliyopita. Msemaji akikwama, wa kundi lake humkumbusha kwa kumnong'oneza. Hakuna anayecheka, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake inakuja. Mwalimu amekaa nje ya duara na daftari, akiweka alama mbele ya jina la kila aliyezungumza. Daftari hilo ndilo chombo muhimu kuliko vyote. Mwisho wa mwezi linaonyesha majina matano yasiyo na alama, na hao ndio wanaohitaji kazi: mmoja atunze muda, mwingine aonyeshe mchoro wake, mwingine aigize bila maneno. Kusema mbele ya watu si mlango pekee wa kujiamini, na wapo watoto wakimya wasio na tatizo lolote.

Uongozi wa shule nao ungeweza kuendeshwa kwa mtindo huo. Kaka mkuu, dada mkuu na viranja huteuliwa mwanzoni mwa mwaka na kubaki hadi mwisho, na katika shule nyingi kazi yao kubwa ni kuandika majina ya wapiga kelele. Hapo shule hutengeneza askari wachache na raia wengi wenye hofu. Nafasi zikigawanywa kuwa ndogo na za muda mfupi, mambo hubadilika. Kuna mtunza vitabu, msomaji wa taarifa ya habari mstarini, mpiga kengele, msimamizi wa bustani, mlezi wa wanafunzi wapya wa darasa la kwanza. Nafasi hii ya mwisho ina thamani ya pekee. Mtoto wa darasa la tano anayekabidhiwa wawili wa darasa la kwanza, awaonyeshe vyoo na bomba, awavushe barabara jioni na kujua majina ya wazazi wao, hupata heshima ambayo hakuna cheti kinachoweza kuitoa. Na wale wadogo wanakuwa na dada au kaka wa kumkimbilia. Uonevu hupungua pale ambapo mkubwa na mdogo wanafahamiana kwa majina.

Kenya imekwenda mbele katika jambo moja, nalo ni jukwaa. Tamasha la Muziki la Kenya lina historia inayoanzia mwaka 1927, na kando yake lipo tamasha la drama la shule na vyuo. Watoto wa shule za msingi hukariri mashairi kwa pamoja, huigiza na kucheza ngoma, kuanzia ngazi ya chini hadi taifa, na washindi hupata nafasi ya kutumbuiza mbele ya Rais. Mchujo upo kama ulivyo katika michezo, lakini shairi la pamoja linabeba watoto wengi, na ndani yake kuna mistari michache ya kila mmoja. Mtoto hujifunza kwanza kusema akiwa katikati ya sauti za wenzake, halafu husogea hatua moja mbele kusema mstari wake peke yake, kisha hurudi kundini. Ni ngazi nzuri kwa mwenye woga. Shule za Tanzania zina ngonjera, kwaya na maigizo ambayo yangeweza kufanya kazi hiyohiyo, ila mara nyingi huandaliwa kwa haraka wiki moja kabla ya mgeni kufika, na wanaochaguliwa ni wale ambao tayari hawatamwaibisha mwalimu.

Vikwazo ni vya kweli na havitatuliwi kwa kulaumu walimu. Cha kwanza ni mtihani. Kambi za kitaaluma na masomo ya ziada kwa darasa la nne na la saba hula alasiri na Jumamosi zote. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, hatua ya maana, lakini kata na halmashauri nyingi bado zinajilinganisha kwa wastani wa ufaulu, na mwalimu mkuu anajua atakachoulizwa kikaoni. Cha pili ni njaa. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi alfajiri hawezi kukimbia saa tisa alasiri, na pale ambapo wazazi wamekubaliana kuchangia mahindi na maharage klabu huwa hai. Cha tatu ni umbali: anayetembea kilomita tano hawezi kubaki, kwa hiyo shughuli zake lazima ziingie ndani ya ratiba. Cha nne kinawagusa wasichana zaidi. Nyumbani wanasubiriwa na ndoo, kuni na mdogo wa kubeba, wakati kaka zao wanaruhusiwa kubaki uwanjani. Shule isiyolitaja hili waziwazi katika kikao cha wazazi itakuwa na klabu za wavulana, hata kama rejista inasema vingine.

Usalama nao hauna mzaha. Shughuli za nje ya darasa huwaweka watoto karibu na watu wazima wasio walimu wao, zikiwemo safari za kulala nje. Mikutano ifanyike mahali pa wazi, safari ziwe na walezi wa kike na wa kiume, na kila mtoto ajue mtu wa kumwendea likiwapo jambo linalomkera. Madawati ya ulinzi wa mtoto yaliyoundwa shuleni ni mahali pa kuanzia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mtoto aliyezoea kusikilizwa kuhusu bustani na mpira ndiye atakayethubutu kusema anapoguswa isivyofaa.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeipa sanaa na michezo hadhi ya somo lenye vipindi na vitabu. Hilo ni jema, lakini lina hatari yake: somo linaweza kuandikwa ubaoni, likanukuliwa daftarini na kutungiwa mtihani wa kuchagua jibu sahihi kati ya A na D, huku mpira ukiwa umefungiwa kabatini. Wathibiti ubora wa shule ndio wenye uwezo wa kuzuia hali hiyo. Wanapofika shuleni huomba maandalio ya somo na takwimu za ufaulu. Waombe pia daftari la zamu: kwa muhula huu, ni wanafunzi wangapi wamewahi kuongoza, kusema, kuigiza, kucheza au kumlea mdogo, na majina ya ambao bado ni akina nani. Mwalimu mkuu ambaye atajibu kwa kuonyesha makombe kwenye rafu ya ofisi atakuwa hajajibu. Saa mbili za ratiba kwa wiki, daftari moja la mistari na mwalimu aliyepunguziwa vipindi viwili ili asimamie klabu vinatosha kuanza. Hakuna shule ya umma inayohitaji kusubiri mfadhili kwa hilo, na kamati za shule zinaweza kuliamua katika kikao kijacho.